Behewa lako la kwanza la HO, toka kwenye boksi mpaka kwenye reli

Haya, maswali ni yaleyale kila siku. Nianze na gundi gani, mbona behewa langu linatoka relini, vile vyuma vidogo vya kupandia vinabandikwaje, gurudumu la breki linakaa upande gani. Nimechoka kujibu mojamoja ndo maana nimeandika yote sehemu moja, ukisoma mpaka mwisho na bado una swali we uliza tu, ila soma kwanza.

Tutajenga behewa moja la mizigo, lile la boksi lililofunikwa lenye mlango wa kusukuma pembeni, la Kimarekani, futi 40, skeli ya HO. Nimechagua hilo makusudi kwasababu umbo lake ni rahisi na ndani yake kuna kila kitu utakachokutana nacho baadae kwenye mabehewa mengine. HO maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87, yani futi moja ya kweli inakuwa milimita 3.5, kwahiyo behewa la futi 40 linakuja sentimita 14 hivi. Wenye skeli ya N (1:160) hatua ni zilezile, vidole tu ndo vitateseka zaidi. Nadharia imeishia hapo.

Kitu kimoja tu uelewe kabla hatujaanza: mie naanza na kutembea alafu ndo urembo. Wengi wanafanya kinyume, wanabandika vinakshi wiki mbili nzima, wanapaka rangi, wanapiga picha, siku ya kulifunga kwenye treni linaanguka kona ya kwanza na vile vinakshi vyote vinakatika wakati wanahangaika kurekebisha magurudumu. Mie mwenyewe behewa langu la kwanza lilikuwa hivo, lipo kwenye kabati mpaka leo, zuri, halijawahi kumaliza mzunguko mmoja.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua boksi

- Kiti chenyewe (siyo cha kukalia, yani seti ya vipande). Kwa mara ya kwanza chukua cha plastiki, usiruke kwenda kwenye resini.
- Koleo ndogo ya kukatia yenye upande mmoja bapa
- Kisu chembamba cha kubadilisha wembe, na nyembe za akiba. Wembe butu ndo unaokukata kidole, sio mkali, kwasababu unausukuma kwa nguvu.
- Kibano chenye ncha, tupa ndogo, msasa namba 400 na 600
- Gundi mbili: ile ya majimaji inayoyeyusha plastiki, na supagluu
- Keekee ya mkono, ile ndogo unayoizungusha kwa vidole, na biti za milimita 0.35. Nunua tano. Zitavunjika.
- Waya wa shaba au wa bronzi wa milimita 0.3
- Geji ya NMRA (chama cha Marekani cha wanaojenga treni ndogo, kipo toka 1935, viwango karibu vyote tunavyofuata vimetoka kwao) na geji ya urefu wa kapla (kapla ni kile kiungio cha kushikanisha behewa na behewa)
- Mzani mdogo unaosoma gramu
- Rangi za akriliki, praima (rangi ya msingi inayotangulia), vanishi inayong'aa na isiyong'aa

Eabrashi (ile ya kupulizia rangi kwa hewa) sio lazima. Kopo la kupuliza au brashi nzuri laini vinatosha kwa behewa la kwanza, usiache kuanza eti huna eabrashi.

Hatua

1. Fungua, hesabu, osha. Usikate kitu bado. Hesabu vipande ukifuata karatasi ya maelekezo, alafu osha fremu zote (zile ambazo vipande vimeshikana nazo) na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha zikauke zenyewe. Plastiki ikitoka kiwandani mara nyingi ina mafuta ya kuitoa kwenye kalibu yake, usipoyatoa rangi itakataa kushika na utailaumu rangi bure.

2. Chagua mwaka. Hii watu wanairuka alafu wanakuja kuchekwa. Behewa unalojenga ni la mwaka gani? Kwa Marekani, kuanzia 1966 mabehewa mapya ya boksi hayakulazimika tena kuwa na ile njia ya mbao au chuma ya kutembelea juu ya paa, na ya zamani yakaanza kuondolewa taratibu. Kwahiyo ukijenga treni ya miaka ya 50 njia ya juu lazima iwepo, ukijenga ya miaka ya 80 kuiweka ni kujitafutia maneno. Boji (vile vigari vya magurudumu chini ya behewa, kimoja kila mwisho) nazo vilevile, zile zenye visanduku vyenye kifuniko kwenye ncha za ekseli ni za zamani, zenye beringi za rola ambazo unaona kabisa kofia yake inazunguka ni za karibuni. Tafuta picha moja ya behewa halisi, moja tu lakini nzuri, iweke mezani muda wote. Picha ina ukweli kuliko maelekezo ya boksi.

3. Kukata vipande. Kata mbali kidogo na kipande, acha kama milimita moja, kisha punguza hiyo milimita na kisu, malizia na msasa. Usikate kwa mkupuo mmoja ukigusa kipande, plastiki inapasuka kwa ndani na unabaki na alama nyeupe. Na usikate vyote kwa pamoja! Kata unachoenda kutumia sasa hivi. Vile vidogo kabisa ukivikata, ingiza mikono na fremu yote ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, kipande kikiruka kinabaki humohumo.

4. Uzito. Behewa la plastiki tupu ni jepesi mno, likiwa katikati ya treni ndefu linavutwa upande wa ndani wa kona na kuanguka. Mapendekezo ya NMRA kwa HO ni aunsi 1 ya kuanzia na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu wa behewa. Kwa gramu fanya 28 za kuanzia, ongeza 14 kwa kila sentimita 2.5. Behewa letu ni kama inchi tano na nusu, kwahiyo 77 jumlisha 28, unapata gramu 105. Weka kila kitu kwenye mzani kwa pamoja, mwili, sakafu, boji, magurudumu, kapla, soma, kinachopungua ndo uzito wa kuongeza.

Kwenye kiti mara nyingi kuna bamba la chuma, lisipotosha ongeza nati za kawaida tu. Ziweke chini kabisa na ziwe sawa pande zote mbili. Sasa hapa kuna mitego miwili. Kwanza usibandike uzito na gundi inayoyeyusha plastiki ukaimwaga nyingi alafu ukafunga behewa, mvuke unabaki ndani na siku kadhaa baadae sakafu inapinda kama ndizi. Tumia mkanda wa gundi wa pande mbili au supagluu kidogo. Pili, ukitumia madini ya risasi nawa mikono, na usiibandike na gundi nyeupe ya mbao sehemu iliyofungwa, risasi inaliwa taratibu inavimba na inaweza kupasua kuta baada ya miaka.

5. Boji na magurudumu. Kama kiti kimekuja na magurudumu ya plastiki, badilisha weka ya chuma, plastiki inabeba uchafu na kuusambaza reli nzima. Kwa behewa hili ni ya inchi 33, kwa HO ni kama milimita 9.6 hivi. Kila ekseli ipime na geji, magurudumu yote mawili yaingie kwenye vijinafasi vyake bila kulazimisha. Yakiwa yamekaribiana mno au yametengana, shika gurudumu moja, zungusha huku unavuta au kusukuma polepole mpaka yakae sawa. Dakika mbili tu hizo, na zinamaliza nusu ya matatizo yote ya kuanguka.

Alafu skrubu. Boji moja ikaze mpaka iwe inazunguka kushoto kulia tu lakini haichezi kwa pembeni, ya pili iache ilegee kidogo iweze kuzunguka na kuyumba. Si unajua kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata ukikiweka kwenye mashimo? Ndo hicho tunachotafuta. Ukikaza zote mbili gurudumu moja litaning'inia kila reli ikiwa na kimwinuko, ukilegeza zote mbili behewa linatembea kama limelewa.

6. Kapla. Mie natumia za chuma za kampuni ya Kadee, namba 5 au zile za karibuni zenye springi nyembamba za pembeni, lakini aina yoyote ya chuma inayoendana nazo itakufaa. Weka kapla kwenye kiboksi chake na poda kidogo ya grafaiti. Mafuta hapana, mafuta yanakusanya vumbi na baada ya mwezi kapla hairudi tena katikati. Kapla iwe inarudi yenyewe ukiisukuma pembeni na kidole. Urefu wake kutoka juu ya reli mpaka katikati ya kapla ni kama milimita 9.9, ila usipime na rula, tumia geji. Ikiwa chini ongeza washa nyembamba kati ya boji na sakafu. Angalia na ule waya uliopinda unaoning'inia chini ya kapla, usiguse reli, ukigusa utanasa kwenye makutano ya reli na behewa zima litaruka.

7. Jaribu sasa hivi. Ndiyo, sasa, likiwa halina hata rangi. Livute mbele, alafu lisukume kinyumenyume kwenye kona kali kuliko zote ulizonazo na kwenye makutano yote ya reli, mara kumi. Likipita endelea, lisipopita usiendelee hata kama mkono unakuwasha.

8. Mwili. Viti vingine vinakuja na mwili wa kipande kimoja, wenye bahati hao waruke hatua hii. Kama ni kuta nne, unganisha ukuta wa mbele na wa ubavuni kwanza kwenye kioo au kitu chochote bapa kabisa, hakikisha kona ni nyuzi 90, gusa gundi kwa ndani na ncha ya brashi, itajikimbilia yenyewe kwenye mwanya. Usishike maungio wakati gundi inakimbia maana itafuata kidole chako na utaacha alama ya kidole ukutani, milele na milele.

9. Vishikio. Hapa ndo behewa la duka linageuka behewa lako, kwahiyo vuta kiti (hiki sasa ni cha kukalia), washa taa nzuri.

Kwenye viti vya bei ya chini vishikio vya kupandia vimechongwa pamoja na ukuta, vinaonekana kama mistari iliyovimba. Kabla hujavikwangua toboa mashimo kwanza kwenye ncha zake, vikishaondoka hutajua vilikuwa wapi. Anza na ncha ya sindano kuweka kitobo cha kuongoza biti, kisha zungusha keekee taratibu bila kusukuma, biti ya 0.35 haitaki ubabe. Baada ya hapo kwangua na wembe ulioulaza, malizia na msasa 600.

Kishikio cha inchi 18 kwenye HO ni upana wa milimita 5.2. Kata kipande cha plastiki chenye upana huo upitishe waya juu yake uukunje pande zote mbili, vyote vitatoka sawa. Tengeneza vingi kuliko unavyohitaji chagua vilivyonyooka. Ukivichomeka weka kipande cha plastiki chenye unene wa milimita 0.6 hivi kati ya waya na ukuta, ili vyote vitoke nje kwa umbali mmoja, alafu gusa supagluu kwa NDANI ya ukuta na ncha ya sindano, toa kile kipande. Supagluu kwa nje inaacha ukungu mweupe na bonge linaloonekana hata chini ya rangi.

Sasa swali maarufu, ngazi upande gani? Kwa sheria za usalama za reli za Marekani, ukisimama ukiangalia ubavu wa behewa, ngazi iko kulia kwako. Ukihamia mwisho wa behewa ukauangalia uso kwa uso, ngazi iko kushoto. Gurudumu la breki ya mkono liko mwisho mmoja tu, kushoto kidogo ya katikati, na mwisho huo unaitwa mwisho B. Wenye viti vya zamani msiamini maelekezo, angalieni picha.

10. Breki za chini. Wengine wanasema hazionekani kwanini ujisumbue. Mie naziweka, sio zote, kwasababu behewa likipita usawa wa macho unaona kivuli cha mabomba na ukikosa unaona kabisa pako tupu. Mfumo wa breki wa AB ulioanza kutumika miaka ya 30 una vitu vitatu vya kuonekana: tangi la hewa, vali na silinda. Vibandike kufuata picha, unganisha na waya wa 0.3, fimbo kutoka kwenye silinda ielekee mwisho B. Kosa la kila mtu ni kupitisha waya mahali boji inapogeukia. Geuza boji mpaka mwisho kila upande kabla hujabandika hata bomba moja.

11. Rangi. Toa boji na kapla. Osha tena, vidole vina mafuta. Praima nyembamba, acha usiku kucha, kisha rangi kwa tabaka nyembamba mbili tatu ukiacha kila moja ikauke. Ukipaka nzito mara moja misumari na maungo ya mbao vyote vinazama. Rangi ya kahawia nyekundu ya mabehewa haya haikuwa moja, kila kampuni ilikuwa na yake na jua lilikuwa linaifubaza, kwahiyo usikose usingizi kutafuta kahawia ya kweli.

12. Dekali, yani zile herufi na alama za kuhamishia behewani kwa maji. Kwanza vanishi inayong'aa, hii usiiruke. Dekali ikikaa juu ya rangi isiyong'aa hewa inanasa chini yake na utaona kifedha kifedha. Kata karibu na herufi, loweka sekunde 15 au 20, weka juu ya taulo mpaka iteleze yenyewe, isukume behewani juu ya tone la maji, iweke sawa, nyonya maji na kona ya karatasi laini. Kisha paka dawa ya kulainisha dekali na UIACHE. Itajikunja kama imeharibika, moyo utakuruka, usiguse, ikikauka inajinyoosha na kulala juu ya misumari. Inapopita kwenye mwanya wa mlango ikate na wembe mpya. Kesho yake vanishi isiyong'aa.

13. Uchakavu. Behewa jipya linang'aa kama toi. Changanya rangi nyeusi na kahawia na maji mengi, paka, futa kwa kuvuta kutoka juu kwenda chini kama mvua inavyoteremka. Ncha za behewa zinapigwa na matope ya magurudumu, kwahiyo chini na mwisho pawe na vumbi zaidi. Poda za chaki zilizosagwa zinafaa sana kwenye paa na boji. Magurudumu paka kahawia ya kutu pembeni lakini sehemu inayokanyaga reli iache chuma kitupu, na usipake ncha za ekseli. Acha mapema kuliko unavyotaka, kuongeza uchafu kesho ni rahisi, kuutoa ni kesi nyingine.

Majengo na vichwa vya treni je? Kwa kifupi, majengo ni rahisi zaidi, ila paka rangi kuta, madirisha na milango vikiwa bado mbalimbali, ukishabandika dirisha hutaweza kufuata mpaka wake na brashi. Kuta ndefu ziwekee vijiti vya plastiki kwa ndani zisipinde. Kichwa cha treni usianze nacho. Ukilazimika, chukua kinachotembea tayari ufanye kazi za nje tu, na supagluu ikae mbali kabisa na gia.

Mambo yakienda kombo

*Linaanguka sehemu moja tu.* Sio behewa, ni reli. Pitisha kidole kwenye maungio ya hapo utahisi kimwinuko. Likianguka popote pale ndo urudi hatua ya 4 na ya 5.

*Linaenda mbele vizuri, likisukumwa nyuma linaanguka.* Kapla imekaza pembeni au boji zote mbili zimekazwa.

*Linajiachia lenyewe katikati ya safari.* Kapla mbili hazilingani urefu. Pima zote mbili, usilaumu moja.

*Dekali ina kifedha.* Itobotoboe na ncha ya sindano, paka dawa ya kulainisha tena, rudia mpaka inyooke.

*Behewa limegeuka jeupe baada ya kupaka uchafu.* Umetumia spiriti juu ya vanishi isiyong'aa. Usilie, likikauka piga vanishi tena nyembamba na mara nyingi ule weupe unapotea.

*Alama ya kidole kwenye gundi.* Usiifute ikiwa mbichi! Acha mpaka kesho, piga msasa 400 kisha 600.

*Kipande kimeruka na hukutumia mfuko.* Usiinuke, utakikanyaga. Zima taa, washa tochi, ilaze sakafuni imulike sambamba na sakafu, hata kipande cha milimita mbili kitatoa kivuli kirefu. Usipokiona baada ya robo saa kitengeneze kwa waya, ukishakibandika cha waya na kukipaka rangi kile cha kwanza utakikuta kwenye soksi yako.